Haukuwa Ule Mfuko wa Unga

Nsimire mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga shangazi yako na wasichana wa kwaya, na Bagira nzima itakuchelewesha njiani, kwa hiyo nina saa mbili hivi za kukaa na kalamu. Sanduku lako liko mlangoni, umelifunga kamba kana kwamba linataka kutoroka. Sitakuandikia habari za kula vizuri huko Kampala, wala za kuficha pasipoti, wala za kuchagua marafiki. Hayo shangazi yako anayamaliza saa hii, na kesho asubuhi atayarudia pale mpakani Ruzizi, kwa sauti, mbele ya watu.

Mimi nina jambo moja tu. Linahusu kifo cha mama yako. Miaka mitano sasa unaamini kwamba wewe ndiye uliyemharibu mgongo, kwa sababu ya mfuko wa unga. Hujawahi kulisema, lakini nakuona. Tangu alipoanguka hujamwacha mtu yeyote abebe kitu mbele yako, hata mtungi mtupu, hata wanawake usiowajua sokoni unawapokonya mizigo. Si kweli, Nsimire. Na mimi nilijua kuwa si kweli kabla mama yako hajafa, nikanyamaza. Nivumilie nikizunguka kidogo kabla ya kufika, maana mkono wenyewe ni mzito.

Ulipokuwa na miaka kumi na mitatu, mama yako alilazwa wiki mbili nawe ukakaa kwa shangazi. Tulikuambia ni kivimbe kidogo tumboni. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, na walitoa kizazi chote. Daktari aliyempasua alituambia ametoa kila alichokiona, akatuagiza turudi kupimwa kila baada ya miezi michache. Tulirudi mara mbili. Mara ya tatu tukasema mwezi ujao, kisha mwezi mwingine. Mama yako alikuwa anaimba, ananenepa, ananigombeza juu ya viatu vyangu vyenye matope. Nani angemrudisha hospitalini mwanamke wa namna hiyo?

Utauliza kwa nini tulikuficha. Unawajua ndugu zangu wa kule Walungu. Mimi ni mtoto wa kwanza wa kiume, nina mtoto mmoja, na huyo mmoja ni msichana. Kila Noeli walikuwa wanacheka na mimi, huku macho yao yako tumboni kwa mama yako. Wangejua kizazi hakipo, wangeniletea mwanamke mwingine kabla ya Pasaka, na mama yako wangemwonea huruma. Hiyo huruma yao aliiogopa kuliko matusi. Siku alipotoka hospitalini, ndani ya teksi, alinishika mkono akasema, "Papa Nsimire, batu basijue. Hata mutoto asijue." Nikamjibu, "Hakuna mutu atajua." Niliona kwamba kumfichia ndiko kumpenda. Na nilimpenda kweli, hilo usilitilie shaka. Ila tuliificha siri hiyo vizuri mno, mpaka sisi wenyewe tukaishi kana kwamba haikuwahi kutokea.

Sasa tufike Jumamosi ile ya Kadutu. Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Mlipatana na mama yako mkutane sokoni saa kumi umsaidie kubeba unga wa muhogo, nawe ukanogewa na mazoezi ya kwaya ukasahau. Alingoja, akachoka, akaubeba mfuko mwenyewe mgongoni kwenye ile njia ya mteremko. Mvua ilikuwa imenyesha. Akateleza, akakaa chini kwa nguvu, akainuka akicheka na akina mama waliomuona. Jioni alianza kusema mguu wa kushoto unamwaka, kutoka kwenye tako hadi kisigino. Ulimletea maji ya moto huku unalia. Na mimi, nikiwa nimesimama pale na taulo begani, nikasema, "Si unaona? Njo ule mufuko." Neno hilo, kwamba ni mfuko uliomuumiza, lilitoka kinywani mwangu kwanza. Shangazi na majirani walilipokea kwangu.

Wewe unajua kazi yangu, umekua chini ya meza yake. Mimi ni kiné, mtu wa kunyoosha viungo na misuli. Wachimbaji wa dhahabu wanatoka Kamituga na migongo iliyoharibikia mashimoni, wanapanda pikipiki siku nzima kwenye barabara ile mbovu, waje walale juu ya meza yangu. Wananiita docteur na mimi siwakatazi. Mtu akiniletea mguu unaowaka pamoja na habari ya mzigo alioubeba, nilikuwa na jibu kabla hajavua viatu: ni mgongo, kuna kitu kimebana mshipa wa fahamu pale unapotokea kwenye uti. Mara tisa kati ya kumi nilikuwa sahihi, na hiyo ndiyo iliyoniharibu.

Niliandika kwa mkono wangu karatasi ya kuomba picha ya mgongo. Kuna mstari unaouliza magonjwa na operesheni za zamani. Nikaandika: hakuna. Nataka ujue nilikuwa nawaza nini. Mpiga picha ni jirani yetu, mke wake alikuwa anaimba sauti ya pili kanisani, karibu kabisa na mama yako. Karatasi ile ingepita mikononi mwa watu watatu, na wote watatu tunasali nao. Nilifikiri: saratani ilitolewa, imekwisha, mgongo ni jambo jingine, ya nini kuwaamsha watu? Neno moja tu, hakuna. Kalamu haikusita hata kidogo.

Wakapiga picha ya kiuno kama nilivyoomba, na picha ikaishia pale nilipoiambia iishie, juu ya nyonga. Wakaona pingili moja imechoka kidogo, kama ilivyochoka ya kila mwanamke wa umri wake aliyebeba mizigo tangu utoto. Nilifurahi. Nilimuonyesha mama yako karatasi ya majibu kama mwanafunzi aliyepata alama nzuri. Nikasema nitamtibu mwenyewe hapa nyumbani, hakuna haja ya kusumbua madaktari.

Miezi saba, Nsimire. Miezi saba nilimkanda mke wangu kila jioni baada ya wagonjwa wengine kuondoka, na miezi saba mguu uliniambia kwa njia zake kwamba nimepotea. Mtu wa mgongo anapolala chali na kuinuliwa mguu umenyooka, hulalamika. Mama yako nilimuinua mguu akanitazama tu. Mtu wa mgongo akilala hupata nafuu kidogo. Mama yako akilala ndipo moto ulipozidi, akawa anatembea chumbani gizani ameshika ukuta, nawe ukawa unaamka kumpa kanga ya kujifunika. Kanisani alikaa kwa tako moja. Nilidhani ni maringo, nikamtania kwamba anakaa kama mke wa gavana. Akacheka. Kisha tako la kushoto likaanza kupungua, sketi zikawa zinamkaa upande. Kisha ncha ya sandali yake ya kushoto ikaanza kulika, kwa sababu alikuwa anaiburuta bila kujua. Niliishona sandali. Mimi, ambaye nimesomea miguu ya watu, nilichukua uzi na sindano nikashona sandali.

Hayo yote niliyaona. Kila moja nilikuwa na maelezo yake, na maelezo yote yalianzia kwenye mfuko.

Aliyetutoa gizani ni daktari mmoja msichana, mgeni hospitalini, aliyekuja kunitafuta juu ya mgonjwa mwingine akamkuta mama yako amelala kwenye meza uani. Aliuliza kwa adabu kama anaweza kumtazama. Nilijisikia vibaya, usinicheke, kwamba mtoto wa juzi anataka kupima mtu niliyempima miezi yote ile. Hakumgusa kwanza. Alivuta kiti, akakaa, akauliza, "Maman, walishakupasua siku moja? Popote?"

Mama yako alinitazama. Mimi nikatazama ukuta. Nilingoja aseme hapana, kama tulivyopatana.

Akasema, "Docteur, balitoa kizazi. Ilikuwa kansere. Na tena kuko pahali hapa chini, pahali minakalia, sisikie kitu. Kama pamekufa. Hata mukojo unachelewa kutoka." Halafu akanigeukia. "Unisamehe, Papa Nsimire. Minachoka."

Ganzi ile alikuwa nayo miezi mitatu. Alilala karibu nami miezi mitatu akaona haya kuniambia, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kwamba mambo ya huko chini hayatajwi.

Yule daktari aliandika karatasi mpya. Aliandika habari yote, na akaomba picha ya nyonga nzima kwa mashine kubwa ya sumaku, ambayo ilibidi tuifuate Kigali. Wewe tulikuambia tunakwenda kwa mtaalamu wa migongo. Huko walituketisha mbele ya kioo cha kompyuta wakatuonyesha. Upande wa kulia mshipa wa fahamu ulikuwa mwembamba, unashuka vizuri katikati ya nyonga kwenda kwenye paja. Upande wa kushoto ulikuwa umenenepa kama kamba ya kufungia mbuzi, unang'aa kwa ile dawa waliyomchoma, tangu karibu na kovu la operesheni mpaka kwenye matundu ya mfupa wa chini ya mgongo. Hakukuwa na uvimbe wa kushika. Nilitafuta uvimbe kwa macho yangu nikaukosa. Mzee aliyesoma picha alituambia taratibu kwamba saratani za sehemu hizo, ya kizazi, ya tezi la wanaume, ya kibofu, ya njia ya haja kubwa, nyingine hazisubiri kutengeneza donge. Zinaingia kwenye ala ya mshipa wa fahamu na kuifuata pole pole, na mgonjwa husikia maumivu mbali na pale ugonjwa ulipo. Ndiyo maana kisigino kiliwaka wakati ugonjwa uko nyongani. Akaniuliza kama kulikuwa na picha ya kwanza. Nikampa. Akaitazama muda mrefu, akasema, "Hapa waliangalia juu tu, hawakushuka na njia ya mshipa." Sikumwambia ni nani aliyeandika karatasi ya kuomba picha ile.

Ndani ya basi la kurudi mama yako alikaa dirishani. Tulipokaribia mpaka alisema hivi, na ninayaandika kama alivyoyasema, kwa maana ni yako: "Ule mufuko haukuleta kitu. Kisigino kilianza kuwaka mbele ya kuanguka, majuma matatu mbele. Nilinyamaza juu ungeanza kuuliza mambo ya operesheni. Na mutoto anafikiri ni yeye. Nakuomba umuambie." Nikasema nitakuambia. Akasema, "Leo." Nikasema ndiyo, leo.

Tulifika nyumbani ukiwa umepika sombe, ukambeba mama yako kumshusha kwenye pikipiki, ukauliza mtaalamu amesema nini. Nikasema mishipa imechoka. Mama yako alinitazama juu ya kichwa chako. Hakunilazimisha. Nadhani aliona nimemezwa na woga akanionea huruma, na kwa ajili ya huruma hiyo wewe umelipa.

Sababu yangu ni hii, na ni mbaya. Nikikuambia haukuwa mfuko, ungeuliza: sasa ilikuwa nini? Na nani hakuona? Ungefika kwangu kwa hatua mbili. Mfuko wa unga ulinificha. Nilikuacha wewe, mtoto wa miaka kumi na sita, usimame mahali pangu.

Tulirudi Kigali akapewa mionzi siku chache. Unakumbuka zile wiki ambazo alilala usingizi mzima akaamka anaomba chai? Ndiyo mionzi ile, ilimpunguzia moto wa mguu. Sisemi angepona kama ingekuja mapema. Niliuliza, hakuna aliyeweza kuniambia, na nimeacha kuuliza. Ila najua angelala. Angetembea kwa mguu wake mwaka mmoja zaidi, pengine. Miezi saba aliyotembea gizani ameshika ukuta ni ya mkono wangu.

Kwenye kilio shangazi yako alisimama akasimulia, kama watu wanavyosimulia wakiwa na uchungu, jinsi mfuko wa unga wa Kadutu ulivyomuua wifi yake. Uliinamisha kichwa. Nilikuwa viti viwili kutoka kwako. Mdomo wangu ulikuwa mzima, hakuna aliyenishika koo. Nilifuta miwani.

Halafu ukamaliza shule ukasema unataka kujifunza kupiga picha za mwili. Watu walinipongeza kwamba mtoto amefuata njia ya baba. Nilijua hufuati njia yangu. Ulikuwa unatafuta kuona ulichokifanya kwenye mgongo wa mama yako. Siku moja, kwenye chumba cha Kampala, watakufundisha mshipa huo. Watawasha kioo, upande mmoja mwembamba, mwingine mnene, na mwalimu atauliza ni nini. Nilikuwa nalala nikiota siku hiyo: kwamba utaijua kweli kutoka kwa mgeni, na utakumbuka kwamba baba yako alikuwa kiné.

Kwa hiyo kwenye kazi yako nina maneno machache, mengine walimu watakupa. Picha hujibu swali lililoandikwa kwenye karatasi. Karatasi ikikuambia hakuna, muulize mgonjwa mwenyewe, na mtoe mume nje kwanza. Mume anaweza kuwa mtu mzuri sana, mtoe tu. Kama mtu aliwahi kutibiwa saratani ya sehemu za nyonga, hata miaka mingi nyuma, na sasa mguu unawaka, tako linapungua, au ana ganzi pale anapokalia, usiridhike na uti wa mgongo. Shuka na mshipa mpaka mwisho wake, na linganisha pande mbili. Donge likikosekana usimwambie hana kitu. Na ukiona umepata jibu kabla mgonjwa hajakaa, simama. Mimi nilikuwa mwepesi sana wa majibu.

Wenzako wa kazi wakisifu mkono wako, furahi, lakini usimtibu unayempenda peke yako. Mapenzi yanataka sana iwe ni mgongo.

Kuhusu kuficha sijui nikuambie nini. Siwezi kukuambia useme kila kitu kwa kila mtu, unaijua familia yetu. Mama yako alikuwa na haki ya siri yake. Kosa langu ni kwamba niliilinda siri nikamwacha mwenye siri.

Nyumba imekuwa kimya tangu utoke, na nimepata kionjo cha kesho. Redio ya jirani inasikika mpaka hapa mezani, sijawahi kuisikia ukiwa ndani. Naogopa, Nsimire. Naogopa kupika chakula cha mtu mmoja. Naogopa zaidi kwamba nikikupa barua hii utapita mlango ule bila kugeuka, na siku za likizo utashukia kwa shangazi. Hofu hiyo ndiyo iliyonifunga mdomo miaka yote, nikajiita baba mwenye kukulinda. Nilikuwa najilinda mwenyewe nisibaki peke yangu, na kwa kufanya hivyo nikakuacha wewe peke yako ndani ya nyumba hii hii, na jambo ambalo hukulifanya.

Mpango wangu ulikuwa kuiingiza barua ndani ya sanduku, kati ya nguo, uikute ukiwa ng'ambo. Ningekuwa mbali na uso wako. Nimefika hapa nimeona kwamba hiyo ingekuwa karatasi nyingine niliyoipitisha kwa watu wengine ili nisiulizwe swali.

Nasikia unamsalimia Mama Chantal barabarani. Nitakupa mkononi, sasa, kabla hujavua viatu. Soma ukiwa umesimama au umekaa, vyovyote. Mimi nitakuwa kwenye kiti hiki, na chochote utakachouliza nitakijibu leo.

Baba yako